Mke wa Mgombea Hadi Jumamosi

"Yale yalikuwa maonyesho ya utamaduni tu," Hillary alisema kwenye runinga, akitabasamu kwa meno yake mapya. "Yule dada alikuwa mwigizaji. Na yule mzee pia alikuwa mwigizaji."

Lydia aliirudisha video nyuma akaitazama tena. Alikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha manesi, katika hospitali moja kusini mwa London, na githeri yake ya mahindi na maharagwe ilikuwa inapoa kwenye bakuli. Video ilikuwa imetumwa na binamu yake Shiku, na chini yake ujumbe mfupi: "Mumeo amekuajiri kwenye sinema."

Tuelewane kwanza. Hillary Kamande alikuwa anagombea umeya wa jiji moja kubwa la Marekani, na uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kushikana mashati. Wagombea walitukanana mchana kweupe, wakashtakiana mahakamani, na kura za maoni zilikuwa zinawapa sare. Mabango ya Hillary yalimwonyesha na mkewe Mmarekani na watoto wao wawili, na maneno makubwa juu yake: Mtu wa Familia. Sasa kwenye mdahalo mpinzani wake alikuwa ametoa picha ya zamani kutoka Limuru, Kenya. Hillary ameshika kisu anakata bega la mbuzi, Lydia yuko kando yake na shanga shingoni, na baba yake Lydia ameinua mikono anawabariki. Kwa Wakikuyu hiyo ndiyo ngurario, na bega likishakatwa, mtu ameoa.

"Una wake wangapi?" mpinzani alimwuliza.

Na Hillary akajibu hayo mliyoyasikia.

Lydia hakulia. Machozi ya Hillary aliyamaliza zamani. Aliosha bakuli, akarudi wodini, akawapa wagonjwa dawa zao bila kukosea hata moja, lakini ndani alikuwa anachemka. Yeye angeitwa mwigizaji, mpishi, hata mchawi, angevumilia. Baba yake kuitwa mwigizaji mbele ya dunia nzima, hilo hapana.

Ilikuwa miaka kumi na moja tangu lile bega likatwe. Walikuwa wakiishi Woolwich, chumba kimoja juu ya saluni, Hillary akisoma sheria na Lydia akipiga shifti mbili ili asome kwa raha. Kisha Hillary akaenda Marekani kwa kozi ya miezi tisa. Miezi tisa ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka, simu zikapungua mpaka zikakatika, na siku moja Shiku akaona picha za harusi ya Hillary mtandaoni.

Miaka miwili iliyopita Lydia alikutana na Ian, Mkamba wa Machakos, dereva wa basi hapo London, mtu wa maneno machache. Ian alitaka kutuma wazee Limuru mara moja. Baba akakataa, na hakukataa kwa ubaya.

"Siwezi kula mbuzi wa watu wawili kwa binti mmoja," alimwambia Lydia kwenye simu. "Yule wa kwanza atume wazee wake waseme amekuachilia. Hapo Ian nitamfungulia mlango mwenyewe."

Lydia alimwandikia Hillary mara tano kuhusu jambo hilo. Kila mara alama mbili za buluu zilitokea, na jibu halikuja. Mheshimiwa alikuwa na shughuli.

Siku mbili baada ya mdahalo, Lydia akiwa sokoni Woolwich anachagua matoke, simu ikaita.

"Lydia, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Kamande."

"Ooh. Mwigizaji mwenzangu."

Hillary akaanza kwa ile sauti yake ya asali. Alimpa pole, akawalaumu washauri wake, akasema siasa za Marekani ni chafu na mtu husemeshwa asiyoyataka. Mwishowe akafika alikokuwa anakwenda. Alitaka video fupi, nusu dakika, Lydia aseme kwamba ile ngurario ilikuwa onyesho la Wakenya wa London waliokuwa nyumbani likizo.

"Ukisema wewe mwenyewe, hii story imeisha," alisema. "Kura ni wiki tatu tu. Please, Lyd. Kwa ajili ya vile tulivyokuwa."

Lydia aliyaweka matoke chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, huyu mtu alikuwa anahitaji kitu kutoka kwake, na alikuwa anakihitaji haraka.

"Nitarekodi," alisema. "Lakini kwanza tuma wazee wako kwa baba, waseme umeniachilia."

"Saa hii? Katikati ya kampeni?"

"Kuna mtu anataka kunioa. Baba hampokei mpaka wazee wako wafike."

"Lydia, wakienda si ni kama nakubali kwamba..."

"Ni Limuru, Hillary. Sebuleni kwa baba. Nani wa huko kwenu atajua?"

Alimsikia akipumua, anapiga hesabu zake.

"Kimya kimya?"

"Kimya kimya."

"Na ukishaachiliwa, unarekodi."

"Wiki hiyo hiyo. Nakuahidi."

Hapo, msomaji wangu, ndipo mwanasheria wetu alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Alikuwa amekaa Marekani mpaka akawasahau wazee wa kwao. Wazee hawaachanishi watu kwa salamu za kutumwa. Jumamosi ilipofika, baba zake wadogo wawili waliketi sebuleni kwa baba Lydia, wakapewa uji, na neno la kwanza la mwenye nyumba lilikuwa kwamba aliyeoa aseme mwenyewe. Yuko mbali? Basi simu zipo.

Lydia alilijua hilo tangu mwanzo. Kiungo cha Zoom alikuwa amekiandaa yeye, na ndugu wa London, Nakuru na Nairobi walikuwa wameshaingia, kama wanavyoingia kwenye ruracio, vikao vya mahari, na kwenye mazishi.

Hillary aliingia akiwa ndani ya gari, asubuhi ya kwao, njiani kwenda kwenye mkutano, beji ya kampeni kifuani. Skrini ilimwambia kwamba kikao kinarekodiwa, akabonyeza kukubali kama watu wanavyobonyeza. Imani yake ilikuwa kwamba yatasemwa kwa Kikuyu, na Kikuyu nani atakielewa huko? Alisahau manesi wa Kikuyu waliojaa jijini mwake, ambao kila Jumapili alikwenda kanisani kwao kuomba kura.

"Kamande," baba Lydia alisema, "unamjua binti yangu?"

"Namjua, baba."

"Ulimwoa?"

Hillary alitazama dirishani. Baba yake mdogo mmoja alikohoa. Swali hilo lisipojibiwa, la tatu, la kuachilia, haliulizwi, na kila aliyekuwapo alijua hivyo.

"Nilimwoa."

"Unamwachilia leo?"

"Namwachilia."

Wazee wakaandika karatasi, wakatia sahihi, saa kumi jioni ya Limuru. Lydia alizima kamera, akakaa kitandani, akalia kidogo. Ian alikuwa kando yake muda wote, nje ya picha.

"Imeisha," Ian alimwambia. "Sasa muache na siasa zake."

"Nilimwahidi video."

"Usirekodi kitu. Uongo wake usiuseme, na yeye usimchome. Futa hiyo namba tuendelee na maisha yetu."

Na Lydia angemsikiliza, naapa. Kidole kilikuwa tayari juu ya namba. Lakini kesho yake, Jumapili baada ya kanisa, baba alipiga.

"Lydia, jirani amenionyesha ile video ya Marekani. Wamenitafsiria."

"Baba, usiijali."

"Siku ile mama yako alikuwa hai. Alitoka kitandani akavaa, akanishika mkono tukawabariki. Ndiyo ilikuwa sherehe yake ya mwisho. Sasa mimi nilikuwa namwigiza nani?"

Simu ilipokatika tu, ujumbe wa Hillary ukaingia: "Nimetimiza sehemu yangu. Video tafadhali, leo."

Video akaipata, ila hakuwa wa kwanza kuiona. Lydia alivaa sare yake ya kazi, akasimama mbele ya dirisha, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: "Naitwa Lydia, ni nesi London. Sijawahi kuigiza popote. Nilikuwa mke wa Hillary Kamande kwa miaka kumi na moja, hadi jana jioni. Baba yangu si mwigizaji. Msikieni Hillary mwenyewe."

Baada ya maneno hayo yakafuata yale maswali matatu ya Limuru na majibu yake, Shiku ameandika tafsiri chini. Shiku ndiye aliyeituma kwenye kundi la WhatsApp la manesi Wakenya wa jiji la Hillary. Saa mbili hazikupita, ikawa kwenye runinga.

Hillary alipopiga, sauti ya asali ilikuwa imekwisha.

"Umeniua, Lydia."

"Hujafa."

"Uliniahidi."

"Na wewe uliniahidi, mbele ya watu mia mbili na mama yangu mgonjwa."

"Mke wangu amebeba watoto ameenda kwa mamake."

Hilo lilimchoma Lydia, maana yule mwanamke hakuwa amemkosea lolote. Alimwambia amfikishie pole yake, na kwamba aibu hii ni ya Hillary peke yake.

"Ulinipenda," Hillary alisema.

"Nilikupenda sana. Ningekuwa sikukupenda, ningekusamehe."

Alipogeuka alimkuta Ian amesimama mlangoni mwa jiko, mfuko wa ununuzi mkononi. Alikuwa amesikia.

"Mtu aliyekutoka moyoni humkasirikii hivi," Ian alisema polepole. Akaweka mfuko mezani, akachukua koti lake, akaondoka.

Zile wiki tatu zikaisha. Jiji lile likapiga kura, zikahesabiwa, zikabishaniwa, zile za posta zikahesabiwa upya mbele ya mawakili. Hillary akashindwa kwa kura elfu mbili na kitu. Mimi sisemi ni Lydia. Nasema tu kwamba siku ya kura kanisa la manesi wa Kikuyu lilikuwa na watu wengi waliobaki nyumbani.

Lydia aliyasoma matokeo asubuhi akisubiri basi la kwenda kazini. Alifurahi mpaka akacheka peke yake pale kituoni. Halafu akatafuta kwenye simu mtu wa kumwambia, na kidole kikaenda kwenye jina la Ian, ambaye hakuwa amepiga tangu siku ile.

Alipotoka shifti mchana alikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha mwisho cha basi la Ian, Woolwich, akamkuta anakunywa chai kwenye kiti cha dereva, milango wazi.

"Ameshindwa," Lydia alisema.

"Nimesoma."

"Nilifurahi, Ian. Sikudanganyi, nilifurahi sana. Nikataka kumwambia mtu, nikaona ni wewe tu, na wewe hupo."

Ian alifunika chupa yake ya chai.

"Sikuondoka kwa sababu ya video," alisema. "Hata mimi, mtu angemwita baba yangu mwigizaji, sijui ningefanya nini. Niliondoka kwa sababu sikujua kama moyo wako bado uko kwake."

Lydia alifungua mdomo kujibu, na simu ikaita mkononi mwake. Jina la Hillary. Wote wawili waliliona. Lydia aliitazama kidogo, akamnyooshea Ian.

"Pokea wewe."

Ian aliipokea, akaweka sauti ya nje.

"Lydia," Hillary alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. "Nimebaki peke yangu. Nakuja London. Yale ya Limuru ni karatasi ya wazee tu, tunaweza kuanza upya."

Ian alimtazama Lydia. Lydia alitikisa kichwa kukataa, akaingia ndani ya basi akasimama karibu naye.

"Kamande, unaongea na Ian," Ian alisema taratibu. "Lydia amekusikia na amekataa. Wazee wangu wanaingia Limuru tarehe kumi na mbili Desemba. Ukitaka kumwomba mzee msamaha, nenda kabla ya hapo, siku hiyo hatutaki kelele."

Upande wa pili simu ikakatwa. Ian aliipangusa simu kwa mkono wa sweta lake, akamrudishia.

"Tarehe kumi na mbili?" Lydia aliuliza.

"Tiketi nilikata wiki iliyopita. Bado nilikuwa nimekukasirikia, lakini bei ilikuwa inapanda."

Abiria walikuwa wameanza kupanga foleni nje. Lydia aligusa kadi yake kwenye mashine, akakaa kiti cha mbele kabisa, na akazunguka naye mpaka zamu yake ilipoisha.