Theluthi Inatosha

"Mgeni anapanda lifti. Usimwache." Sauti ya Mkuu ilikwaruza redioni.

"Ninaye," Kipanga akajibu, akapanda ngazi za hoteli mbilimbili.

Idara ya usalama ilisema mgeni huyo amekuja kuvuruga uchaguzi. Adui wa nchi. Sasa mbona adui wa nchi alipokelewa uwanja wa ndege kwa gari la serikali?

Swali hilo lilimkera kama mchanga kiatuni.

Akajipenyeza chumba kilichopakana na cha mgeni, akabandika kinasa sauti ukutani.

"Kura haziibwi," mgeni alikuwa akisema. "Upinzani ukigawanyika, theluthi ya kura inawatosha. Mtatawala mpaka wajukuu."

"Leo mchana wanasaini kuungana."

Kipanga akaganda. Hiyo ilikuwa sauti ya Mkuu!

"Yule kiongozi wao, Mwalimu, atagoma kusaini. Si binti yake tunaye hapo chumba cha mwisho? Na yule dada anayenifuata?"

"Kipanga? Mambo yakiharibika, tutasema yeye ndiye mtekaji."

Wakacheka.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Akatoka kimya. Mbele ya mlango wa mwisho lilisimama pande la mtu.

"Dada, huku hakupitiki."

"Samahani, kaka."

Kiwiko kikatua kooni. Jamaa akaporomoka kama gunia. Bastola yake ya Glock ikahamia kiunoni kwa Kipanga.

Ndani, msichana alikuwa amefungwa kwenye kiti, macho yamemtoka.

"Usiniue!"

"Nani akuue? Namba ya baba yako unaikumbuka?"

Akamkata kamba, akampa simu. Upande wa pili zilisikika kelele za ukumbi uliojaa watu.

"Baba, ni mimi. Nimeokolewa."

Hapo sauti ya mtu mzima ikapenya kelele. "Wamekugusa, mwanangu?"

"Hapana. Saini, baba. Saini tu!"

Walikuwa wanashuka ngazi za jikoni makofi yalipolipuka simuni. Chama tawala kilichozoea kushindana na vipande, sasa kingekutana na mlima.

Redio ikakwaruza.

"Kipanga! Uko wapi?"

"Kazini, Mkuu."

"Hivi unajua unamtumikia nani wewe?"

"Asubuhi nilidhani najua."

Akaitupa redio kwenye pipa la taka, akavaa miwani ya jua. Ng'ambo ya barabara dereva wa teksi aliwapungia mkono, akitabasamu mno.

"Tupande?" msichana akauliza.

Kipanga akamwona yule dereva akigusa kifaa cha redio sikioni.

"Tutembee, mdogo wangu."