Farasi wa Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Urbain, na hadi leo akiyasimulia haniangalii usoni.

Papa Achille, mtangazaji wetu wa mbio za farasi wa vigari, hakuwa akizima maikrofoni kabla ya kumtaja hata wa nyuma kabisa: "Na wa mwisho, bado anakuja, ni..." Ndipo akataja jina, nasi tukapiga makofi.

Siku ya mbio za kumkumbuka baada ya kifo chake, Urbain alipewa kutangaza mahali pake. Makofi yakamlevya. Akamtaja mshindi, akazima. Farasi mmoja alikuwa bado uwanjani.

Mama Agathe, mjane wa Papa, akamsogelea. "Na ule wa nyuma, mwana yangu? Yeye hakukimbia?"

Eish, aibu! Urbain akajifanya anakusanya waya.

Jioni akarudisha spika stoo, kule Mobeni. Umeme ulikuwa umekatika. Ndani giza totoro. Akaiweka spika chini, waya wake ukiwa bado mkononi. Mara ndani ya spika mtu akavuta pumzi, kisha akakohoa kidogo, vilevile alivyozoea Papa.

"Na wa mwisho," sauti ikasema taratibu, "bado anakuja, ni Urbain."