Nzi Asiyekuwemo Kwenye Kumbukumbu

Kitambuzi, mashine ya kutambua wadudu, kilisimama ghafla katikati ya kabichi, kikakunja miguu yake sita na kuwasha taa nyekundu. Tangu alfajiri kilikuwa kikikagua mashamba ya bonde zima, jani kwa jani, na kila mdudu kilimtaja kwa jina. Huyu kilishindwa kumtaja.

"Nzi hajulikani," kilisema. "Shamba litachomwa baada ya dakika ishirini."

Mhandisi Atupele, aliyekibuni, alitazama saa, akaitazama tena. Tangu nzi wageni wamalize mavuno ya nchi nzima mwaka 2071, sheria haikuwa na masihara: mdudu asiyemo kwenye kumbukumbu ni mvamizi, na ndege-moto wasio na rubani huja wenyewe kulichoma shamba. Sahihi ya mhandisi tu ndiyo iliyoweza kuwarudisha. Atupele hakuwahi kuitoa. Akikosea je? Nani atalisha watu?

Mwenye shamba, Mama Kaoneka, alikuja mbio huku akikaza kanga kiunoni. "Mwanangu, mnachoma kabichi zangu kwa huyu? Mbona huja kila mwaka vidukari wakizidi!"

"Sasa mama, kama mnamjua, kwa nini hamkumleta ofisini? Kitambuzi kimefundishwa kwa wadudu mliotuletea nyie wenyewe."

"Mlisema tulete wanaokula mazao. Huyu hali kitu changu. Nimlete ashitakiwe kwa lipi?"

Atupele aligeukia kabichi. Alipiga magoti, akatoa lenzi. Nzi mwenye mistari ya njano alikuwa amesimama hewani juu ya jani lililojaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya mimea. Kati yao mlitambaa mabuu ya nzi huyo. Buu moja likamkamata kidukari, likamfyonza mpaka ikabaki ngozi tupu. Atupele akahamia jani jingine. Hali ileile. Nyuma ya kilima ndege-moto walikwisha kuanza kuvuma.

Zikiwa zimebaki dakika nne, akaweka sahihi. Mvumo ukageuka, ukafifia.

Mama Kaoneka alijitupa juu ya tuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika.

"Na mdogo wangu Shekalaghe? Shamba lake mlilichoma mwezi wa tatu. Kachukua wanawe, kaenda kubeba mizigo Tanga. Yeye alikuwa na nzi gani?"

Atupele alifungua orodha ya mashamba yaliyochomwa kwenye kioo cha mkononi. Ikatokea picha: mabawa mawili, mistari ya njano. Chini yake likafuata shamba jingine, na jingine, mashamba ishirini na saba, nzi yuleyule. Alitamani kukizima kioo. Badala yake alimgeuzia mama aone mwenyewe.

Mama Kaoneka alitoa simu kwenye pindo la kanga.

"Namba yake ninayo," alisema. "Lakini utampigia wewe."