Dakika Kumi na Moja za Ndoa

Bi Zamu aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akabonyeza kitufe chekundu.

Mkanda wa kupandishia mbegu ukasita, vinu vikanyamaza kimoja kimoja, na kiwanda kizima cha mafuta ya alizeti kikawa kimya. Kutoka chini mpanga magunia akapaza sauti:

"Imezima tena! Jamani, mashine hii ina mapepo!"

"Haina mapepo," Bi Zamu alimjibu kwa kipaza sauti. "Inataka namba. Napiga simu."

Akaweka sawa kilemba chake mbele ya skrini, utadhani anayempigia atamwona. Nje ukutani pameandikwa KIWANDA CHA TAIFA kwa herufi za kumtosha hata kipofu, lakini mtambo ukisimama hauwaki mpaka upewe namba mpya kutoka ng'ambo, kwa wenyewe walioujenga. Na aliyekaa huko kupokea simu za namba alikuwa mume wake, Injinia.

"Dawati la msaada. Taja kiwanda na zamu."

"Kiwanda cha alizeti. Zamu ya asubuhi."

Kisha ile sauti ikalainika.

"Habari yako, zamu ya asubuhi."

"Nzuri. Umekula?"

"Nimekula. Andika namba."

Akaandika. Baada ya namba mtambo ulichukua dakika kumi na moja kujipanga upya, na utaratibu ulimtaka mpokeaji asikate simu mpaka ziishe. Hizo ndizo dakika walizobaki nazo kama mume na mke. Simu yake binafsi Injinia hakuwa akipokea, miezi minane sasa. Mwanzoni alisema saa zimepishana, huwa amelala. Baadaye hakusema kitu. Hii ya kazi ilimlazimu.

Alipoondoka, ndoa yao ilikuwa na miezi minne. Alitumwa mwaka mmoja akajifunze mtambo, arudi auendeshe, kiwanda kisimpigie mtu simu tena. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Mama anakusalimia."

"Goti lake?"

"Linamsumbua. Anasema akikuona litapona."

"Mh."

"Na mimi..."

"Simu inarekodiwa."

"Najua inarekodiwa. Nimesema na mimi tu."

Dakika ya kumi na moja ilipotimia, simu ilijikata yenyewe. Dirishani Bi Zamu aliwaona wakulima wamekaa juu ya magunia yao, wakisubiri vinu viwake. Aliona aibu. Lakini upweke wake ulikuwa mkubwa kuliko aibu, na hilo alilijua vizuri.

Wiki iliyofuata Meneja akamwita ofisini.

"Funga mlango, dada yangu. Tuliwaomba wenyewe watukabidhi mtambo. Namba kuu ya kuuwashia na kila kitu. Wamekataa."

"Kwa nini?"

"Mkataba unataka siku tisini mfululizo bila mtambo kusimama. Eti hapo ndipo watajua tunaweza. Hatujafika hata arobaini."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Uko kabatini, kwa lugha yao. Hata mimi nilisomewa." Meneja alivua miwani. "Na mumeo amefungwa na mkataba huohuo. Atakaa kule kupokea simu mpaka siku ya makabidhiano."

Bi Zamu alikaa bila kukaribishwa.

"Mwaka huu tumesimama mara kumi na saba. Kumi na nne ni zamu yako. Una bahati mbaya, dada."

"Ndiyo," alisema. "Nina bahati mbaya."

Miezi minane alikuwa akimwita mumewe kwa kitufe, na kila alipomwita alikuwa akimsukuma mbali.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akimenya viazi.

"Mwanangu amesemaje leo?"

"Sikumpigia, Mama. Na siku tisini sitampigia."

"Mmegombana?"

"Hapana. Ndiyo njia ya kumrudisha."

"Kumrudisha mume kwa kumnunia? Enzi zetu hiyo ilikuwa njia ya kumpoteza!"

Bi Zamu alicheka, kicheko kikageuka kilio hapohapo. Mama mkwe akaweka kisu chini, akamvuta begani bila kuuliza tena.

Jioni ile alituma ujumbe kwenye ile namba binafsi: "Ile simu sitaipiga tena. Hesabu siku tisini. Usiniwazie mabaya."

Alama ilionyesha umesomwa. Jibu halikuja.

Akafunika kitufe chekundu kwa kifuniko cha kopo, akakizungushia utepe wa gundi. Siku zikaanza kwenda, na hazikwenda haraka. Akirudi kutoka kazini alikuwa analala upande wa mume ili asiuone ukiwa mtupu, basi ukawa mtupu ule wake. Siku ya arobaini na moja alijikuta anaiambia skrini:

"Umekula?"

Mpanga magunia, aliyekuwa amepanda kuleta karatasi za mzigo, akaangua kicheko.

"Bi Zamu, hiyo inakula alizeti tu!"

Alicheka naye. Kisha akajifungia chooni mpaka macho yakauke.

Siku ya themanini na nane, saa nne asubuhi, mtambo ukasimama.

Kifuniko cha kopo kilikuwa mahali pake. Kwenye skrini yakatokea maneno: UMEFUNGWA KUTOKA MBALI. Meneja alipanda ngazi anahema, tai imemkalia begani.

"Siku mbili, Bi Zamu! Zimebaki siku mbili tu!"

"Sijagusa kitu. Tazama mwenyewe."

Akapiga simu, akafungua spika.

"Dawati la msaada. Taja..."

"Kiwanda unakijua na zamu unaijua. Nani amefunga mtambo?"

"Andika namba," Injinia alisema taratibu.

"Namba ya leo siitaki. Nimekuuliza nani."

"Simu inarekodiwa."

"Vizuri! Basi na mimi inirekodi. Zile kumi na nne ni mimi. Nilisimamisha mtambo mzima kabisa kwa mkono wangu, watu wako nje na magunia yao, kwa sababu mume wangu hapokei simu yangu yoyote ila hii."

"Mungu wangu," Meneja alishika kichwa.

"Nilijua," Injinia alisema. "Tangu ile ya pili. Kitufe kikibonyezwa kwa mkono, huku kinaonekana. Nikawa naandika hitilafu."

"Ukijua kila hitilafu inakufunga huko?"

"Nikijua. Kila siku nilikuwa nakaa naitazama simu hii, naomba iite. Ile nyingine nilishindwa kupokea. Ungeniuliza narudi lini, na sikuwa na jibu."

"Na leo?"

"Leo ni mimi. Nimeamriwa. Kiwanda kikikaribia tisini kinafungwa, wanasema ni kwa usalama. Nimeshafunga vitatu vya watu wengine mwaka huu. Chenu nilikataa jana na juzi. Leo nimefunga. Nisamehe."

Bi Zamu aliwatazama wakulima dirishani. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira bado alimtaka mume wake vilevile.

"Ulitumwa huko ukatuletee nini?"

"Namba kuu."

"Basi ilete."

Walisikia kiti kikisukumwa. Mtu mwingine, mbali kidogo, aliongea kwa ukali lugha ya huko.

"Andika, mke wangu."

Meneja akamsukumia kalamu.

"Wewe nitakushughulikia baadaye. Andika!"

Tarakimu kumi na mbili, moja moja, bila haraka.

"Ukishaiingiza, ibadilishe uweke yako. Hakuna atakayewafunga tena kutoka hu..."

Simu ikakatwa.

Mtambo ulichukua dakika zake kumi na moja. Bi Zamu alizikaa zote ameshika mkono wa simu iliyokufa, na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Vinu vilipoanza kunguruma, wakulima walishangilia huko nje. Yeye hakusimama.

Saa nane mchana Meneja alimpa barua ya kusimamishwa kazi mwezi mmoja.

"Ningeweza kukufukuza," alisema.

"Najua, Meneja. Asante."

Alitoka getini, akakaa kwenye jiwe la pembeni, akapiga ile namba binafsi. Iliita mara moja tu.

"Haloo."

"Umepokea," alisema, na machozi yakamtoka.

"Nimepokea."

"Uko wapi?"

"Nje ya jengo. Wameninyang'anya kitambulisho. Nimebaki na mkoba na lile sweta ulilonifumia."

"Mimi nimesimamishwa mwezi mzima."

"Pole."

"Pole na wewe. Unarudi lini?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Ijumaa. Mwambie Mama goti nalo lijiandae."

Wakaongea. Viazi, sweta, bati linalovuja jikoni, jinsi alivyozungumza na skrini. Zilipotimia dakika kumi na moja wote wawili walinyamaza kwa mazoea, wakisubiri ikatike.

Haikukatika.

"Bado upo?" aliuliza.

"Nipo."