Kujifungulia kwa Mama

Hashimu na mkewe Pili walikuwa wamehamia kwa Bibi Zuhura, juu mlimani. Zuhura ni bibi mzaa mama wa Pili. Mimba ilikuwa ya kwanza, tena ya mapacha. Pili akikaa, lazima avutwe ndipo asimame.

"Mume wangu, vuta vizuri," Bibi alimtania Hashimu. "Huyo si gunia la karoti."

"Gunia halinung'uniki, Bibi."

Siku hiyo alipanda nesi Irene, kutoka hospitali ya bondeni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba Pili ateremke sasa, akangoje kwenye nyumba ya wajawazito pale hospitali. Mapacha hawana miadi. Anaweza kutokwa damu nyingi, na huku hakuna wa kumwongezea."

Bibi alikataa. "Mtoto wa kwanza tunamzalia kwa mama, kwenye ardhi ya ukoo. Mambo yakiharibika, vijana watambeba kwa machela."

"Mteremko ule, na mvua hii?" aliuliza Hashimu. "Mimi mwenyewe nateleza mikono mitupu."

Pili aliinama tu. Alikuwa anaogopa.

Irene akauliza taratibu, "Bibi, hospitali yetu ilianzaje?"

"Ilianza na mdogo wangu, Mwanaheri. Uchungu ulimzidi, tukambeba kwenda mjini. Damu ikamwishia njiani. Baada ya matanga, wanawake wa ukoo tulitoa shamba letu la migomba kule bondeni. Watu wakabeba mawe kutoka mtoni. Kikajengwa chumba kimoja cha zahanati. Leo kuna wodi na daktari wa kupasua."

"Sasa Pili akijifungua pale, amejifungulia kwenye ardhi ya nani?"

Bibi alimtazama Irene, akamtazama mjukuu wake. Kisha akamgeukia Hashimu.

"Umekaa unangoja nini? Funga kanga za mwenzako."

Waliteremka polepole, wakipumzika kila kona. Pili alingoja kule hadi uchungu ulipoanza. Pacha wa kwanza alitoka salama. Wa pili alilala vibaya tumboni, daktari akampasua Pili. Alipoteza damu, akaongezewa palepale. Wote watatu wako hai.

Siku hizi Bibi Zuhura hupita nyumba hadi nyumba kuwahimiza wajawazito wateremke mapema. Juzi mmoja alimbishia.

"Bibi, mimi si wa ukoo wenu."

"Mawe walibeba watu wa koo zote," alisema Bibi. "Na bibi yako alibeba, tena kwa maringo. Pale ni kwenu. Teremka."

Akateremka.