Mayai ya Shangazi

Kinyozi alikuwa na chatu, na chatu huyo aliitwa Shangazi. "Alikuja kukaa siku mbili, huu ni mwaka wa sita," aliwaambia wateja. Shangazi aliishi chumba cha nyuma ya saluni, ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli. Kibali cha kumfuga kilining'inia ukutani, kimepigwa muhuri.

Mwaka huo rafiki yake, fundi redio, alimwazima chatu dume wa aina nyingine, mfupi na mnene. Basi, mambo yakawa mambo. Shangazi akataga mayai kumi na moja. Kinyozi aliyaweka kwenye boksi lenye joto, akawa anayachungulia kila akimaliza kunyoa kichwa kimoja. Wateja watatu tayari alishawaahidi watoto.

"Na kibali cha hao watoto?" mkewe alimwuliza.

"Hawahitaji, mama watoto. Kibali changu kinataja chatu mrefu. Cha fundi redio kinataja chatu mfupi. Hawa ni machotara, hawamo kwenye orodha yoyote. Sheria haiwajui."

"Haya, baba mwanasheria," mkewe alisema, akaendelea kukunja taulo.

Jumamosi asubuhi jirani yao, daktari wa mifugo, alikuja kunyolewa. Kinyozi hana kifua cha kuweka siri. Alipofika katikati ya kichwa akatoboa yote: mayai, machotara, na ahadi zake kwa wateja. Daktari akageuka ghafla, na mashine ikachora njia mpaka kisogoni.

"Zima kwanza hiyo mashine, ndugu yangu," daktari alisema. "Mtoto wa nyoka ni nani?"

"Ni nyoka. Nani asiyejua?"

"Basi na sheria yetu inajua. Haiangalii jina tu, inaangalia wazazi. Mzazi akihitaji kibali, mtoto naye anahitaji, hata akiwa chotara. Tena wewe una kibali cha kufuga. Kuzalisha kuna kibali chake. Na kumpa nyoka mtu asiye na kibali ni kosa, hata ukimpa bure."

Kinyozi aliketi. "Watamchukua Shangazi?"

"Wakikukuta umeficha, wanaweza. Ukienda mwenyewe, mtaongea."

"Na nikiwaachia watoto porini, yaishe?"

"Hapo ndipo usithubutu. Watazaana na nyoka wa porini, wavuruge uzao wao. Wanaweza kuwapelekea na magonjwa. Halafu chotara humjui atakuwaje. Labda atarefuka kama mama. Mteja wako atamweka kwenye ndoo, na keshokutwa nyoka atafungua mfuniko mwenyewe."

"Twendeni ofisini sasa hivi," mke wa kinyozi alisema.

"Nimalizieni kichwa kwanza," daktari alisema.

Katika ofisi ya wanyamapori, ofisa mmoja, mama wa makamo, aliwasikiliza. Kinyozi hakuficha kitu. Aliogopa sana, lakini alisema kweli yote.

Jumatatu ofisa alikuja saluni. Alijaribu kufuli. Akapima joto la boksi. Akahesabu mayai, akaandika aina ya mama na aina ya baba. Fundi redio naye aliitwa na kibali chake.

"Nakupa onyo la maandishi," ofisa alimwambia kinyozi. "Dume arudi kwake leo. Mayai yatabaki hapa, nami nitayafuatilia. Wakianguliwa, watakwenda kwenye kituo chenye kibali cha kuzalisha. Hakuna kuuza, hakuna kugawa."

"Na Shangazi?" kinyozi aliuliza.

Ofisa alimtazama mke wa kinyozi. "Kwani shangazi yenu naye anafuga?"

Mke alicheka mpaka akashika meza. "Shangazi ndiye huyo kwenye kioo, dada."

"Kumbe. Huyo ana kibali chake. Anabaki."

Kinyozi alijifuta macho kwa taulo la wateja, wala hakuona haya.

Mayai tisa yalianguliwa. Ofisa alikuja na gari la kituo, akawahesabu watoto mmoja mmoja. Jioni hiyo mteja wa kwanza alifika kudai nyoka wake.

"Sina wa kukupa," kinyozi alimwambia. "Ukitaka kufuga, nenda ofisini uulize kwanza. Mimi nilijifanya najua, nusura nimpoteze wangu."

Kisha akaingia chumba cha nyuma, akavuta kufuli kuona kama limefunga. Limefunga. Shangazi alikuwapo.