Faili Lililolala Kwenye Droo

Mwisho wa mwezi ukumbi wa posta hufurika watu hadi mlangoni, na siku hiyo karani wa dirisha la fidia alikuwa ameshatukanwa mara mbili. Kanuni ni moja tu: ukidai fidia ya kifurushi chenye bima kilichoharibika njiani, ulete na boksi lake. Watu hawaleti. Hufungua kwa papara, hutupa boksi, kisha huja kumfokea mwanamke aliyekaa nyuma ya kioo.

Ndipo akatokea kinyozi mmoja, shati la samawati limenyooka kwa pasi, vinywele vya wateja vimeng'ang'ania kwenye kola. Alibeba boksi lililobondeka ubavu.

"Kimepotea au kimevunjika, kaka?"

"Kimevunjika, dada. Boksi hili hapa. Na utepe wake wa gundi huu hapa."

"Hata utepe?"

"Niliogopa mtanikatalia."

Karani akacheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka kumtazama.

Ndani mlikuwa na kifaa cha kusikilizia, cha kuvaa sikioni, ambacho kinyozi alimwagizia mtandaoni mama yake asiyesikia vizuri, baada ya kudunduliza mwaka mzima. Kilikuwa kimepasuka vipande vitatu. Bila fidia hakuwa na uwezo wa kununua kingine.

Akarudi na risiti. Akarudi na picha. Kila akija walitaniana.

"Dada Fidia, hiyo blauzi ya njano inawaka hadi kule mwisho wa foleni."

"Usinirubuni. Faili halisogei kwa maneno matamu."

"Basi nipe namba yako, nilisukume kwa simu."

Akampa. Jioni ile ile kinyozi akapiga. "Umekula, mpenzi?"

Mpenzi! Tangu talaka yake miaka mitano iliyopita, simu ya karani ilikuwa ikiita kwa matangazo tu na kwa wateja wenye hasira. Nyumbani aliandaa sahani moja, akala huku akiisemesha redio.

Jumatatu moja faili la kinyozi likarudi kutoka kwa mkuu wa kitengo, limeidhinishwa. Karani alilitazama. Akishalipwa, atakuja kufuata nini tena? Akalitia kwenye droo, akageuza ufunguo. Alijua fika kwamba anakosea.

"Bado barua ya muuzaji," alimwambia kesho yake. Wiki iliyofuata akasema, "Bado sahihi ya makao makuu."

"Haya, mpenzi. Wewe ndiye unayejua."

Uongo ulipotimiza wiki tatu, kinyozi akamkaribisha kwao Jumapili. Mama mtu alikuwa amekaa dirishani na gauni lake la maua. Karani akamwamkia, akamwamkia tena. Watu wa nyumbani walipocheka naye alicheka, amechelewa kidogo. Aliuliza wanacheka nini. Mwanawe akarudia maneno mara tatu, na kabla ya mara ya nne mama akapunga mkono. "Basi, yaache tu."

Karani akakiweka chini kikombe chake cha chai. Aibu ilimjaa hadi masikioni.

Wakati wa kuaga, kwenye ngazi, akasema, "Faili lako limeidhinishwa wiki tatu zilizopita. Nililificha."

"Ulilificha? Kwa nini?"

"Niliogopa ukilipwa hutarudi."

"Ungeniuliza tu. Faili lilikuwa la mama. Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili yako." Akapanda ngazi, asigeuke.

Kesho yake karani alimweleza mkuu wake kila kitu, akapewa barua ya onyo. Kinyozi alikuja, akatia sahihi, akapokea pesa zake, akasema asante kama anavyoambiwa karani yeyote. Mwezi ukapita simu ikiwa kimya. Sasa hata redio ilimchosha. Aliizima, akakaa tu kitandani na viatu miguuni. Alimtaka mtu yule mpaka kifua kikamuuma.

Jumamosi mchana namba ya kinyozi ikatokea. Karani akapokea.

"Haloo? Ndiwe karani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu sema tena, nina kifaa kipya sikioni. Uso wako nimeuona, sauti yako sijapata kuisikia."

Machozi yakamtoka. "Mama, nisamehe. Zile wiki tatu…"

"Zimeniudhi, usidhani hazikuniudhi. Nilikaa na watu bila kuwa nao. Unaijua hali hiyo?"

"Naijua, mama. Mwaka wa sita huu."



"Basi njoo kesho. Utanieleza yote tangu mwanzo, wala usiharakishe. Huyu mwanangu kanuna mwezi mzima, na sasa amesimama hapa kanitolea macho."

Kwa nyuma karani akamsikia kinyozi. "Mama, nipe hiyo simu."

"Subiri zamu yako," akajibiwa. "Mimi ndiyo kwanza naongea."